Ardbeg: Kiwanda cha wiski kilichofungwa, kikafufuka na kugeuka lulu

MWAKA 1997, kampuni ya Glenmorangie ya Uskoti ililipa takribani pauni milioni saba za Uingereza kununua kiwanda cha wiski cha Ardbeg, pamoja na shehena ya kinywaji iliyokuwa imelala katika maghala yake. Wakati huo kiwanda kilikuwa kimefungwa, majengo yamechakaa na mitambo imepoa.

Mwaka 2022, yaani miaka 25 baadaye, pipa moja tu la wiski ya kiwanda hicho hicho liliuzwa kwa pauni milioni 16 kwa mnunuzi binafsi wa barani Asia. Pipa moja likazidi mara mbili bei ya kiwanda kizima na vyote vilivyokuwamo.

Je, nini kilitokea kati ya mauzo hayo mawili? Ni kitu gani kilichoifanya mali iliyokuwa imetelekezwa ikageuka lulu inayogombewa na matajiri wa dunia?

Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kukifahamu kwanza kisiwa kilipo kiwanda hicho, kisha namna wiski inavyotengenezwa, na mwisho hesabu ngumu ya biashara ambayo bidhaa yake huandaliwa leo ili iuzwe baada ya miaka kumi au zaidi.

Kisiwa cha moshi na chumvi

Ardbeg ipo katika kisiwa cha Islay, ambacho wenyeji hukitamka "Aila", magharibi mwa Uskoti. Kisiwa hicho kina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 620 na wakazi wanaozidi kidogo 3,000. Pamoja na udogo huo, jina lake linajulikana duniani kote kwa sababu ya wiski.

Katika pwani ya kusini, mashariki mwa mji mdogo wa Port Ellen, viwanda vitatu vimejipanga kando ya barabara moja. Cha kwanza ni Laphroaig, cha pili Lagavulin, na cha tatu ni Ardbeg. Ukiendelea mbele zaidi utafika Kildalton, palipo na msalaba wa jiwe uliochongwa katika karne ya nane.

Jina Ardbeg limetokana na maneno ya Kigaeli cha Uskoti yenye maana ya rasi ndogo. Majengo yake yenye kuta nyeupe yapo ufukweni kabisa. Zamani, kabla ya barabara nzuri kujengwa, shayiri na makaa yaliletwa kwa meli, na mapipa yaliyojaa yaliondoka kwa njia hiyo hiyo.

Islay ina miti michache lakini ina mabwawa mengi. Katika mabwawa hayo majani na mimea iliyokufa hurundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa, na kuwa tabaka la udongo mweusi uitwao piti. Udongo huo ukikatwa vipande na kuanikwa, huwaka kama kuni na kutoa moshi mzito wenye harufu kali.

Kwa watu wa kisiwa hicho, piti ilikuwa nishati ya kupikia na kuotea moto. Ndiyo pia iliyotumika kukausha nafaka ya kutengenezea wiski. Hivyo basi, ladha ya moshi ambayo leo wanywaji hulipia fedha nyingi haikuanza kama mbinu ya biashara. Ilitokana na uhaba wa kuni.

Kimea, shaba na mwaloni

Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2009 zinazosimamia wiski ya Uskoti, kinywaji hakiwezi kuitwa kwa jina hilo mpaka kitengenezwe nchini humo na kulazwa ndani ya mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka mitatu. Kilevi chake hakipaswi kuwa chini ya asilimia 40.

Wiski ya kimea ya kiwanda kimoja, ambalo ndilo kundi la Ardbeg, ina masharti zaidi. Nafaka yake lazima iwe kimea cha shayiri peke yake, ikenekwe katika mitungi ya shaba, na ukenekaji wake ufanyike katika kiwanda kimoja. Wiski nyingi zinazouzwa duniani si za kundi hili, bali ni michanganyiko ya wiski za viwanda mbalimbali.

Kazi huanza kwa kuilowesha shayiri ili ichipue. Inapoanza kutoa mizizi, hukaushwa ili isiendelee kukua, na hapo ndipo moshi wa piti unapoingia. Viambata vya moshi huo vinavyoitwa fenoli hushika kwenye punje za kimea na hubaki humo hadi mwisho wa safari.

Wataalamu hupima fenoli hizo kwa sehemu katika milioni. Kimea cha Ardbeg hupewa moshi hadi kufikia wastani wa sehemu 55 katika milioni, kiwango ambacho ni miongoni mwa vya juu kwa wiski zinazotengenezwa mfululizo nchini Uskoti. Kimea hicho hutoka katika kiwanda kikubwa cha kimea cha Port Ellen kilichofunguliwa mwaka 1973, umbali wa kilomita chache tu.

Baada ya kusagwa, kimea huchanganywa na maji ya moto ili kupata maji matamu. Maji ya Ardbeg hutoka katika ziwa dogo la Uigeadail lililopo vilimani. Maji hayo matamu hutiwa hamira, yakachacha na kuwa pombe inayofanana na bia nzito. Pombe hiyo hukenekwa mara mbili katika mitungi ya shaba, mvuke wake ukapoozwa na kuwa kinywaji kikali kisicho na rangi.

Hapo Ardbeg ina siri moja ambayo kwa kweli haifichwi. Mtungi wake wa pili umeunganishwa na kifaa kinachokamata mvuke mzito na kuurudisha chini ukenekwe tena. Mvuke mwepesi tu ndio hupita. Kwa sababu hiyo, wiski yenye moshi mkali namna hiyo huwa pia na utamu na harufu ya matunda, jambo linalowashangaza wengi wanaoionja kwa mara ya kwanza.

Kilichobaki huachiwa mapipa na muda. Mapipa mengi huwa yametumika kwanza nchini Marekani kuhifadhi bourbon, ambayo kwa sheria ya huko lazima iwekwe katika mapipa mapya. Kila mwaka takribani asilimia mbili ya kinywaji hupotea kwa mvuke kupitia ubao wa pipa. Waskoti huita upotevu huo fungu la malaika.

Kutoka magendo hadi leseni

Kama ilivyokuwa kwa viwanda vingi vya Uskoti, mwanzo wa Ardbeg haukuwa wa halali. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba wiski ilikuwa ikitengenezwa mahali hapo tangu mwaka 1794. Masimulizi ya kiwanda yanaeleza kwamba eneo hilo lilitumiwa na watu wa magendo waliokeneka pombe kwa siri, wakiyakwepa macho ya maofisa wa ushuru wa Serikali. Kwa lugha ya kwetu, hiyo ilikuwa gongo ya Waskoti.

Mwaka 1815, John McDougall alianzisha rasmi kiwanda cha biashara. Miaka minane baadaye, yaani 1823, Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Ushuru iliyobadilisha kabisa sura ya biashara hiyo. Leseni iliwekwa kuwa pauni 10 kwa mwaka, na kodi kwa kila galoni ikapunguzwa kiasi cha kumfanya mtu aone faida ya kuwa ndani ya sheria kuliko kukimbizana na maofisa usiku.

Mwaka 1838 kiwanda kilinunuliwa na Thomas Buchanan, mfanyabiashara wa Glasgow, kwa pauni 1,800, lakini familia ya McDougall iliendelea kukiendesha. Alexander, mtoto wa mwanzilishi, alipofariki mwaka 1853, shughuli ziliangukia mikononi mwa dada zake wawili, Margaret na Flora, wakisaidiana na Colin Hay. Dada hao wanatajwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuongoza kiwanda cha wiski nchini humo, katika zama ambazo mwanamke hakuwa na haki ya kupiga kura.

Wiski ya Ardbeg ya karne ile haikuuzwa sana kwa jina lake. Ilinunuliwa na kampuni za Glasgow na kwingineko zilizotengeneza michanganyiko, zikaitia kidogo ili kuipa nguvu wiski nyepesi. Utaratibu huo uliipa Ardbeg wateja wa uhakika kwa zaidi ya miaka mia moja. Utaratibu huo huo ndio ulioiponza baadaye.

Miaka ya giza

Kiwanda kilionja kufungwa kwa mara ya kwanza kati ya 1932 na 1935, wakati uchumi wa dunia ulipokuwa umeanguka. Kikafunguliwa na kuendelea.

Mwaka 1973 kampuni ya Hiram Walker ya Kanada na ile ya Distillers Company Limited, maarufu kama DCL, zilikinunua kwa ubia kwa pauni 300,000. Miaka michache baadaye Hiram Walker ikabaki peke yake. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa ikimiliki mchanganyiko maarufu wa Ballantine's, na Ardbeg ilikuwa moja ya viungo vyake.

Ubaya wa kuwa kiungo ni kwamba mpishi ndiye anayeamua atie kiasi gani. Wiski yenye moshi mkali huhitajika kidogo sana katika mchanganyiko. Walaji wa miaka ya 1970 walikuwa wakielekea kwenye vinywaji vyepesi na visivyo na rangi, hasa vodka. Wakati huo huo, viwanda vya Uskoti vilikuwa vimekeneka kupita kiasi kwa kuamini kwamba mahitaji yangeendelea kupanda.

Matokeo yake yalikuwa maghala kufurika. Mwaka 1983 pekee, DCL ilifunga viwanda 11, kikiwemo cha Port Ellen kilichokuwa jirani wa Ardbeg. Ardbeg yenyewe ilikuwa imekwishatangulia, kwani ilifungwa mwaka 1981.

Katika mji mkubwa, kiwanda kimoja kikifungwa wafanyakazi hutafuta kingine. Katika kisiwa kama Islay mambo huwa tofauti. Ardbeg ilikuwa kijiji, ikiwa na nyumba za wafanyakazi, na kazi hiyo ilirithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Kiwanda kilipozimwa, vijana hawakuwa na njia nyingi zaidi ya kupanda kivuko na kwenda kutafuta maisha bara.

Mwaka 1987 Hiram Walker iliangukia mikononi mwa kampuni kubwa ya Allied, na mwaka 1989 Ardbeg ikawashwa tena. Hata hivyo, haikuwa kwa nguvu kamili. Kiwanda kilifanya kazi miezi michache tu ya mwaka, na kwa kuwa Allied ilikuwa ikimiliki pia Laphroaig katika barabara hiyo hiyo, haikuona sababu ya kuwa na viwanda viwili vya moshi katika eneo moja. Mwaka 1996 Ardbeg ikafungwa kwa mara nyingine.

Shimo la miaka minane

Glenmorangie ilipokinunua mwaka 1997, ilikabiliwa na tatizo ambalo fedha peke yake haiwezi kulitatua. Mitambo ingeweza kukarabatiwa kwa miezi kadhaa, lakini wiski ya miaka ambayo kiwanda kilikuwa kimefungwa isingeweza kupatikana kamwe.

Hebu tufikiri. Mtu anayetaka kuuza wiski ya miaka kumi mwaka 1997 anahitaji iliyokenekwa mwaka 1987. Ardbeg haikukeneka hata tone moja mwaka huo. Kulikuwa na mapipa ya zamani ya miaka ya 1970 na mengine machache yaliyojazwa baada ya 1989. Katikati palikuwa na shimo la miaka minane.

Wamiliki wapya walilivuka shimo hilo kwa namna tatu. Kwanza, waliuza wiski ya zamani iliyokuwapo, wakianza na ya miaka 17. Pili, mwaka 2000 walitoa Ardbeg ya miaka kumi iliyotokana na mapipa yaliyojazwa baada ya kufunguliwa mwaka 1989, na mwaka huo huo wakaanzisha umoja wa wapenzi wa kinywaji hicho walioahidi kutoacha milango ifungwe tena.

Namna ya tatu ndiyo iliyovutia wengi. Badala ya kuificha wiski changa waliyoikeneka wao wenyewe kuanzia 1997 na 1998, waliitoa hadharani kidogo kidogo ili wateja waione inavyokua. Ya kwanza waliiita changa sana, iliyofuata bado changa, nyingine ikaitwa inakaribia. Hatimaye mwaka 2008 ilitoka iliyotimiza miaka kumi, wakaipa jina la Renaissance, yaani uamsho.

Kwa maneno mengine, udhaifu wa kiwanda uligeuzwa kuwa simulizi, na mteja akafanywa shahidi wa simulizi hiyo.

Sifa zilivyopaa

Tuzo hazikuchelewa. Mwandishi Jim Murray, ambaye kitabu chake cha kila mwaka cha kupima wiski kilikuwa na nguvu kubwa sokoni, aliitaja Ardbeg ya miaka kumi kuwa wiski bora ya dunia katika toleo la 2008. Toleo la 2009 likampa heshima hiyo ndugu yake, Uigeadail, iliyopewa jina la lile ziwa la vilimani.

Kabla ya hapo, mwaka 2004, kampuni ya Kifaransa ya LVMH, inayomiliki pia mikoba ya Louis Vuitton na mvinyo wa Moët, ilikuwa imekubaliana kuinunua Glenmorangie pamoja na Ardbeg. Kiwanda kilichozaliwa katika magendo kikaingia katika familia ya bidhaa za anasa.

Ufundi wa kujitangaza nao ukapamba moto. Mwaka 2011 sampuli za kinywaji cha Ardbeg zilipelekwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu ili kuchunguza jinsi mwaloni na pombe vinavyoathiriana mahali ambapo vitu huelea bila kuhisi uzito. Zilirejeshwa mwaka 2014, na wachunguzi wakaeleza kwamba ladha yake ilitofautiana na ile ya sampuli zilizobaki duniani.

Tangu 2012 kuna Siku ya Ardbeg, inayoadhimishwa wakati wa tamasha la kisiwa linalofanyika kila mwisho wa Mei. Jengo la zamani la kukaushia kimea limegeuzwa kuwa mkahawa na mahali pa kupokea wageni.

Kisha likaja pipa la mwaka 2022. Wiski iliyokuwamo ilikenekwa mwaka 1975, kabla ya miaka ya giza, na ilikuwa imesalimika katika misukosuko yote. Kampuni ilitangaza kwamba pauni milioni moja kati ya mauzo hayo zingetolewa kwa shughuli za jamii ya Islay.

Upande wa pili wa shilingi

Pamoja na sifa zote hizo, wapo wanaohoji. Wanywaji wa zamani wanalalamika kwamba matoleo maalumu yamekuwa mengi mno, bei zimepanda, na chupa nyingi hazielezi umri. Kwa sheria, umri ukiandikwa lazima uwe wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Kutoandika umri humpa mtengenezaji uhuru wa kuchanganya ya zamani na changa, lakini humnyima mteja kipimo kimoja cha kulinganisha bei.

Aidha, habari za mapipa kuuzwa kwa mamilioni zimewavuta walaghai. Katika miaka ya 2020 polisi nchini Uingereza walizichunguza kampuni zilizotuhumiwa kuuza pipa moja kwa watu kadhaa, au kuuza mapipa kwa bei iliyozidi mno thamani yake. Ikumbukwe kwamba pipa la pauni milioni 16 lilikuwa moja. Mapipa mengi hayana historia hiyo.

Lipo pia suala la piti yenyewe. Mabwawa yanayoitoa ni ghala kubwa la kaboni, na tabaka lililokatwa leo huchukua karne nyingi kurudi. Wiski hutumia sehemu ndogo tu ya piti inayochimbwa, lakini shinikizo la kuyalinda mabwawa linazidi kuongezeka.

Kubwa kuliko yote ni lile swali la mwaka 1981. Mwaka 2021 Ardbeg ilizindua jumba jipya la kukenekea na kuongeza mitungi yake kutoka miwili hadi minne. Kinywaji cha kwanza cha mitungi hiyo kitatimiza miaka kumi mwaka 2031. Nacho Port Ellen kilifunguliwa upya mwaka 2024, baada ya miaka zaidi ya 40.

Tofauti na zamani, Ardbeg sasa haimtegemei mpishi wa mchanganyiko. Inauzwa kwa jina lake, na jina hilo lina wapenzi. Hiyo ni kinga, lakini si kinga kamili, kwa sababu hakuna ajuaye mnywaji wa mwaka 2031 atapenda nini, wala ushuru utakuwa kiasi gani.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Historia ya Ardbeg inathibitisha usemi huo, ila inaongeza fundisho lake: waliovumilia ni wafanyakazi na kijiji kilichopoteza kiwanda mara mbili ndani ya miaka 15, na mbivu nyingi zililiwa na wengine. Kwa Islay, kipimo cha mafanikio si bei ya pipa lililouzwa Asia. Ni kama bomba la moshi la kiwanda litaendelea kutoa mvuke kila asubuhi, na kijana wa kisiwani akaona ana sababu ya kubaki.